Anayejifunza kupamba keki aanze na ua dogo

Jumamosi moja hivi majuzi nilialikwa katika sherehe ya mtoto aliyetimiza miaka 6, katika mtaa mmoja mjini Kitale. Hapakuwa na keki moja kubwa ya kukatwa kwa kisu kama tulivyozoea zamani. Palikuwa na keki ndogo 24 zilizookwa katika vikombe vya karatasi, zile ambazo wengi wetu bado huziita kwini keki. Kila moja ilikuwa imevishwa kilemba cha aisingi ya buluu, kirefu kuliko keki yenyewe. Watoto walifanya kile ambacho watoto hufanya. Walilamba kilemba chote, wakajipaka puani na kwenye mashati, kisha wakaiacha keki sahanini. Nilihesabu keki 15 zilizotupwa zikiwa na upara.

Aliyezipamba ni binti ya kaka yangu, anayeishi upande wa Kwanza na ambaye tangu amalize shule ya upili amekuwa akijifunza kazi hii ili apate chake. Nilimsifu, maana kwa mtu aliyeanza juzi mkono wake ulikuwa umetulia. Lakini alipoziona zile keki zenye upara alininong'oneza, "Shangazi, mbona wamekula aisingi peke yake?"

Sikuwa na jibu la haraka siku hiyo. Nimelifikiria swali lake tangu wakati huo, na maoni yangu ni kwamba wanaofundisha vijana wetu kupamba keki wanaanzia mwisho. Mwanafunzi hujifunza kilemba kirefu kabla hajajifunza kipimo, na rangi kali kabla hajajua kilichomo ndani ya kichupa. Somo la kwanza lingekuwa ua dogo lililokamuliwa vizuri katikati ya keki, basi. Nasema hivi kwa sababu za afya, lakini nitaonyesha kwamba hata mfuko wa mwenye kuuza hautapata hasara.

Hebu tupige hesabu, kwani jambo hili likisemwa bila hesabu huonekana kama uchoyo wa watu wazima. Aisingi ya siagi ya kawaida, ile anayofundishwa kila anayeanza, hutengenezwa kwa gramu 250 za siagi, gramu 500 za sukari ya aisingi, na vijiko viwili vikubwa vya maziwa. Jumla ni kama gramu 780. Kilemba kirefu huchukua gramu 60 hivi, kwa hiyo bakuli zima hutosha keki 12 tu. Ndani ya kila kilemba mna gramu 38 za sukari, yaani vijiko 9 na nusu vya chai. Keki yenyewe, kwa mapishi ya kawaida, ina vijiko 3 vingine. Mtoto anayekula keki moja nzima amekula gramu 50 za sukari kabla hajafungua soda yake, ambayo nayo ina gramu 30 hivi katika chupa ya mililita 300.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu zote ambazo mwili hupata kwa siku, na kwamba ni bora zaidi ikishuka chini ya nusu ya kiasi hicho. Kwa mtu mzima, kiasi hicho bora ni kama gramu 25, au vijiko 6. Mtoto wa miaka 6 hapaswi kufika hata hapo, kwa kuwa mwili wake unahitaji chakula kidogo kuliko wa mtu mzima. Keki moja yenye kilemba inampa maradufu ya kipimo cha baba yake.

Sasa tuchukue aisingi ile ile, lakini tukamue ua la gramu 15. Sukari yake haifiki gramu 10. Ukijumlisha na ya keki ni gramu 22. Bado ni tamu, bado ni sherehe, na mtoto atailamba na kuendelea kula keki kwa sababu hakushibishwa na utamu. Na lile bakuli lililotosha keki 12 sasa litatosha keki 50.

Najua kuna atakayesema kwamba sherehe ni ya siku moja kwa mwaka. Ingekuwa hivyo nisingeandika makala haya. Katika miji yetu keki hizi sasa hupelekwa darasani kila mtoto anapotimiza mwaka, huuzwa kwenye maduka makubwa, hutolewa kanisani, kwenye mahafali na hata siku ya kulipa mahari. Mtoto mwenye wenzake 40 darasani ana siku nyingi za kuzaliwa kwa mwaka. Na asubuhi ya siku hiyo hiyo alikwisha kunywa chai ya maziwa yenye vijiko viwili au vitatu.

Jambo la pili ni lile neno siagi. Muulize muuza duka yeyote, awe Kitale au Bungoma, akupe siagi, na mara nyingi atakunyoshea mkebe wa majarini. Lugha yetu ya kila siku imeviweka viwili hivi katika jina moja. Siagi halisi hutolewa katika maziwa ya ng'ombe, na majarini hutengenezwa kiwandani kwa mafuta ya mimea. Anayejifunza husoma mapishi yanayosema siagi, hununua majarini, huona aisingi inalegea na kuteleza, kisha jirani humshauri aongeze mafuta meupe magumu ya kupikia ili isimame. Kufikia hapo hakuna siagi tena ndani ya aisingi ya siagi.

Kwa nini tujali? Kwa miaka mingi baadhi ya mafuta ya mimea yaligandishwa kwa kuongezewa hidrojeni kiwandani, na njia hiyo isipokamilishwa huacha aina ya mafuta ambayo hupandisha lehemu mbaya katika damu na kuiteremsha ile nzuri. Denmark ilikuwa nchi ya kwanza kuyawekea kikomo, mwaka 2003, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliyataka mataifa yote yayaondoe kabisa katika chakula kufikia mwisho wa mwaka 2023. Majarini nyingi za siku hizi zimebadilishwa na hazina mafuta hayo. Lakini mnunuzi hawezi kujua kwa kutazama rangi ya mkebe. Ni lazima asome maandishi madogo, na akiona maneno ya mafuta yaliyoongezewa hidrojeni kwa sehemu, aurudishe mkebe rafuni.

Sisemi kwamba siagi halisi ni dawa. Nusu ya uzito wake ni yale mafuta mazito ambayo daktari humwambia mwenye ugonjwa wa moyo ayapunguze. Kilemba kirefu kina gramu 19 za siagi, na ua dogo lina gramu 5. Hapo tena ni kipimo.

Trans Nzoia ni nchi ya mahindi na maziwa, na Bungoma jirani yetu ina mashamba ya miwa yanayozunguka kiwanda cha Nzoia kilichoanzishwa mwaka 1975. Siagi na sukari si wageni kwetu. Isitoshe, hali ya hewa inampendelea anayejifunza huku. Kitale uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya asubuhi hapa ndiyo hasa inayotakiwa na siagi. Bungoma uko chini kwa mita 500 hivi, na mchana wake unaweza kuilainisha aisingi kabla haijatoka mfukoni. Anayepamba huko na aifanye kazi hii alfajiri, au akae karibu na friji.

Mwinuko huo huo una hila yake. Hewa ikiwa nyepesi keki huumuka upesi mno, kisha katikati hubonyea kama shimo la barabarani. Mapishi mengi yaliandikiwa nchi za chini, kwa hiyo mpishi wa Kitale apunguze poda ya kuokea kwa robo hivi. Nimegundua kwamba vilemba vingi virefu vipo kwa ajili ya kufukia mashimo hayo. Keki iliyookwa sawasawa haina cha kuficha.

Basi ua lenyewe hukamuliwaje? Anza na siagi iliyolainika, siyo iliyoyeyuka. Ibonyeze kwa kidole. Ikiacha alama bila kidole kuzama, iko tayari. Ichape kwa mwiko au mashine kwa dakika 5 hadi igeuke nyeupe. Chekecha sukari ya aisingi kabla ya kuitia, maana donge moja dogo huziba njia na kumtoa mwanafunzi jasho. Itie kidogo kidogo. Maziwa yawe yamechemshwa na kupoa kabisa. Wengi hununua maziwa kwa jirani na kuyamimina humo mabichi, nao wasingethubutu kumpa mtoto kikombe cha maziwa hayo kwa hofu ya homa ya brusela. Kadhalika ute wa yai bichi, ambao wengine huongeza ili aisingi ing'ae, usiwekwe.

Mfuko wa kukamulia usikusumbue. Zamani watu walikata pembe ya mfuko wa nailoni, lakini mifuko ya kubebea ya aina hiyo ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 28 Agosti 2017. Chukua karatasi ya kuokea isiyopitisha mafuta, kata pembe tatu, uisokote kama anavyosokota muuza njugu karanga. Usitumie karatasi ya gazeti, hata likiwa gazeti hili, kwa sababu wino huhamia kwenye mafuta. Ndani ya ncha tia nozo ya bati yenye meno. Anayeendelea na kazi atanunua mfuko wa kitambaa, na kila baada ya kazi ataufua kwa maji moto na sabuni na kuukausha juani, kwa kuwa mafuta yaliyosalia kwenye mishono huchacha.

Jaza mfuko nusu tu. Usokote juu, mkono wenye nguvu ushike pale uliposokotwa na kukamua, mkono wa pili uongoze ncha. Keki iwe imepoa kabisa. Simamisha mfuko wima, ncha ikiwa sentimita moja hivi juu ya keki, kamua katikati, kisha zunguka mara moja tu kutoka katikati kwenda nje. Hilo ni waridi. Acha kukamua kabla ya kuinua mkono, la sivyo utabaki na mkia. Fanya mazoezi juu ya sahani iliyogeuzwa, ukwangue, urudishe mfukoni, ukamue tena. Mara 30 kwa siku, na kwa siku chache mkono utakuwa umezoea. Joto la kiganja likianza kuilegeza aisingi, weka mfuko chini, nawa kwa maji baridi, pumua.

Jambo linalonifurahisha ni kwamba kilemba kirefu husamehe makosa. Mzunguko wa pili hufunika ulegevu wa ule wa kwanza. Ua moja dogo huonyesha kila kitu, kwa hiyo anayeweza kulikamua ua dogo safi amejua kazi kweli.

Nije kwenye rangi, ambako nina neno kali zaidi. Tangu Julai 2010 nchi za Umoja wa Ulaya zinalazimisha chakula chenye mojawapo ya rangi 6 za viwandani kuandikwa onyo kwamba zaweza kuathiri utulivu na makini ya watoto. Hatua hiyo ilifuata utafiti uliofanywa Southampton, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2007. Wataalamu bado wanajadiliana kuhusu ukubwa wa madhara hayo, na tone moja halitamgeuza mtoto kuwa mwehu. Lakini ile buluu niliyoiona Kitale haikuwa tone moja. Baada ya saa mbili ndimi za watoto zilikuwa bado kama za watu waliolamba wino.

Kibaya zaidi ni poda za kung'arisha, zile za rangi ya dhahabu na fedha. Mwaka 2018 katika jimbo la Rhode Island, Marekani, watoto 6 walianza kutapika baada ya kula keki ya siku ya kuzaliwa. Uchunguzi ulionyesha kwamba poda iliyopakwa kwenye keki hiyo ilikuwa na madini ya shaba kwa wingi. Poda nyingi za namna hiyo hutengenezwa kwa ajili ya mapambo ya kutazamwa. Maneno "haina sumu" kwenye kichupa hayana maana kwamba kitu hicho ni chakula. Tafuta maandishi yanayosema kinaliwa, pamoja na orodha ya vilivyomo. Pasipo orodha, usinunue.

Na mbona tuangaike hivyo, nasi tuna bitiruti? Chemsha maji yake hadi yawe mazito, matone machache hutoa waridi la rangi nzuri. Pasheni zinazolimwa huku kwetu hutoa manjano hafifu, na uchachu wake huupunguza utamu uliozidi. Tia kidogo tu, kwani maji mengi huikata aisingi. Buluu sina, nami sioni hasara.

Sasa turudi kwenye mfuko wa fedha, maana nimeambiwa mara nyingi kwamba siagi halisi ni ghali na kwamba wenye kupendekeza mambo haya hawauzi keki. Ni kweli kwamba siagi ni ghali kuliko majarini, tena kwa mbali. Lakini mpishi mwenye vilemba hununua pakiti mbili za majarini kwa keki 24, na mwenye maua pakiti moja ya siagi humtosha keki 50. Sukari ya aisingi, ambayo nayo si rahisi, anapunguza kwa robo tatu kwa kila keki. Atengeneze hesabu hiyo mwenyewe kwa bei ya duka lake. Halafu afikirie usafiri. Keki za binti yetu hutoka Kwanza hadi Kitale kwa bodaboda, na kila mwenye kuijua barabara anajua kwamba kilemba kirefu hufika kimelala ubavu. Ua dogo hufika likiwa ua.

Yupo pia anayeweza kuiacha kabisa aisingi ya sukari nyingi. Wapishi wa zamani wa Marekani walikuwa na aisingi ya uji, na kwa watu wanaopika uji kila asubuhi ni ajabu kwamba haijaenea kwetu. Pika mililita 250 za maziwa na vijiko 5 vikubwa vya unga wa ngano na gramu 200 za sukari ya kawaida, ukikoroga bila kuacha, hadi upate uji mzito usio na ladha ya unga mbichi. Ufunike na uache upoe kabisa, nasema kabisa, kwa sababu uji wenye joto huyeyusha siagi na kazi yote huharibika. Chapa gramu 250 za siagi hadi iwe nyeupe, kisha ongeza uji kijiko kimoja kimoja. Hutoka laini kama krimu, na hukamulika vizuri ikiwa baridi. Ua lake la gramu 15 lina kijiko kimoja tu cha sukari. Kasoro yake ni kwamba ina maziwa mengi, hivyo haivumilii kukaa nje zaidi ya saa mbili, na mchana wa Bungoma hata hizo ni nyingi. Iliwe siku hiyo hiyo au iwekwe kwenye friji.

Wiki iliyopita binti yetu alipata kazi ya keki 30 za watoto wa shule ya Jumapili. Alizipamba kwa maua ya bitiruti. Mama aliyeagiza alizitazama, akauliza kama bei itapungua, kwa kuwa aisingi ni kidogo. Binti alimjibu kwa adabu kwamba mama aonje kwanza. Alionja, akalipa bei yote, lakini akasisitiza kwamba siku ya kuzaliwa ya mwanawe mwezi ujao anataka kilemba, tena kirefu. Wamekubaliana hivi: keki moja, ile itakayosimamishwa mshumaa, itavishwa kilemba. Nyingine 23 zitakuwa na maua.